Kutoka Fito hadi Saruji: Historia ya Ukuta wa Nyumba katika Rusizi na Maana ya "Nyumba ya Kudumu"

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya ukuta wa nyumba katika wilaya ya Rusizi, eneo lililojulikana kwa muda mrefu kama Cyangugu, kusini-magharibi mwa Rwanda. Inaonesha kuwa mgawanyo wa nyumba "za kudumu" na nyumba "za muda", uliorithiwa kutoka utawala wa kikoloni, ulipima hadhi ya vifaa na si usalama wa wakaaji. Tetemeko la ardhi la tarehe 3 Februari 2008 lilifichua udhaifu wa kipimo hicho. Kwa kulinganisha ukuta wa zege unaomiminwa ndani ya kalibu za povu na nyumba ya kiunzi cha mbao, makala inahoji kuwa swali la msingi katika eneo la matetemeko si ukuta umetengenezwa kwa kitu gani, bali umefungwa kwa namna gani. Mwisho inapendekeza istilahi za ujenzi za Kiswahili zitakazofuata swali hilo.

1.0 Utangulizi

Rusizi ni wilaya ya mpakani. Upande wa magharibi, mto uliompa jina lake unatoka Ziwa Kivu na kuitenga na mji wa Bukavu. Upande wa kusini, bonde la Bugarama linapakana na Burundi na Kongo. Wilaya yote imo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi haijatulia. Ndani ya miaka isiyozidi kumi na mitano, ukanda wa Ziwa Kivu ulipigwa na matetemeko makubwa matatu: la Oktoba 2002 lililotokea upande wa Kalehe, la Februari 2008 lililotokea kaskazini mwa Bukavu, na la Agosti 2015 lililotokea upande wa Kabare. Yote matatu yalikuwa na kiini chake upande wa Kongo, lakini mtikisiko haukuheshimu mpaka.

Katika mazingira hayo, mjadala kuhusu vifaa vya ujenzi hauwezi kubaki suala la mapendeleo. Mifumo mipya inaletwa katika soko la Afrika Mashariki kila mwaka, na washauri wa sera hutakiwa kuamua ipi iruhusiwe, ipi ipewe ruzuku na ipi ikataliwe. Historia ya ukuta wa Rusizi ina funzo kwa uamuzi huo, kwa kuwa wilaya hii imekwisha kupitia mabadiliko kama hayo mara tatu: kutoka mti hadi tofali, kutoka nyasi hadi bati, na kutoka udongo hadi saruji. Kila badiliko lilitangazwa kuwa hatua kuelekea uimara. Inafaa kuuliza ni uimara upi uliopatikana.

2.0 Kiunzi cha Miti na Kazi ya Kukandika

Nyumba ya kale ya Rwanda ilikuwa ya mviringo, iliyosukwa kwa fito na matete na kuezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Katika umbo hilo ukuta na paa vilikaribia kuwa kitu kimoja, na nguvu ya nyumba ilitoka katika msuko wenyewe. Umbo la pembe nne lilipoenea katika karne ya ishirini, kanuni ya kiunzi haikupotea. Nguzo, ambazo Kinyarwanda huziita inkingi, zilichimbiwa ardhini. Fito zikafungwa kwa mlalo pande zote mbili. Kisha udongo ukajazwa katikati na kupakwa juu. Kazi hiyo ya mwisho Kinyarwanda huiita guhoma, na Kiswahili huiita kukandika. Ni ufundi uleule ulio nyuma ya nyumba za udongo na fito za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ingawa pwani ilitumia boriti za mikoko na Rusizi ilitumia miti ya milimani na baadaye mikaratusi, ambayo Wanyarwanda huiita inturusu.

Nyumba ya namna hii ina kasoro zinazojulikana. Nguzo iliyochimbiwa ardhini huoza kwenye usawa wa udongo, au huliwa na mchwa. Mvua huosha udongo wa ukuta na kulazimu ukandikaji wa mara kwa mara. Isipotunzwa, huegemea upande mmoja na hatimaye huanguka bila kutikiswa. Hata hivyo ina sifa moja ambayo watawala na wapangaji hawakuiweka katika daftari lao: sehemu zake zimefungwa pamoja. Ardhi inapotikisika, kiunzi huyumba, udongo hupasuka na kumeguka vipande vipande, lakini nguzo na fito hushikilia paa kwa muda wa kutosha watu kutoka nje.

Kiunzi kilihitaji miti, na miti ilikuwa na mipaka. Msitu wa Nyungwe, unaopakana na Rusizi upande wa mashariki, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933. Baadaye ukawa hifadhi ya taifa, na mwaka 2023 uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ulinzi huo ulikuwa wa lazima, lakini uliifanya mikaratusi ya mashambani kuwa chanzo kikuu cha miti ya kujengea, ikishindaniwa na kuni za kupikia na za kuchomea matofali.

3.0 Tofali, Bati na Tabaka za Maneno

Tofali liliingia Rusizi pamoja na misheni na utawala. Misheni ya Mibirizi, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1903, ni miongoni mwa misheni za kwanza za Kikatoliki nchini Rwanda. Misheni za aina hiyo zilihitaji kanisa, shule na nyumba za mapadri, na zilifundisha vijana ufyatuaji na uchomaji wa matofali pamoja na useremala. Wafanyabiashara na askari waliosema Kiswahili nao walileta vifaa na majina yake.

Majina hayo yangalimo katika Kinyarwanda hadi leo, na yanafaa kusomwa kama ushahidi wa kihistoria. Itafari linatokana na tofali, ibati na bati, umusumari na msumari, idirishya na dirisha, umufundi na fundi. Tabaka hili ni la vifaa vya kununuliwa na vya kuhesabika, na la mtu anayevipanga. Tabaka la baadaye, lililotoka katika Kifaransa cha utawala wa Kibelgiji na wahandisi wake, lina maneno kama fondasiyo, beto na feribeto, yaani msingi, zege na nondo. Chini ya tabaka hizo mbili kuna maneno ya Kinyarwanda chenyewe: inkingi, guhoma, igisenge.

Mpangilio wa tabaka hizo una maana. Tofali na bati vilifika mapema na kusambaa vijijini. Nondo na zege vilifika baadaye na kwa miaka mingi vilibaki katika majengo ya serikali, makanisa makubwa na nyumba za wenye uwezo. Kwa hiyo kilichoenea kwanza kwa watu wengi kilikuwa kipande kizito cha ukuta, bila kile kinachokifunga kipande hicho na kingine. Tofali bichi, ambalo Wanyarwanda huliita rukarakara, lililazwa juu ya tofali bichi kwa udongo. Nyumba iliyotokana nalo ilionekana imara zaidi kuliko ya fito, na kwa mvua na mchwa ilikuwa imara zaidi kweli. Kwa mtikisiko wa mlalo, hata hivyo, ilikuwa imepoteza kile ambacho kiunzi kilikuwa nacho.

Utawala wa kikoloni uliupa mgawanyo huo nguvu ya sheria. Katika Dar es Salaam, kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziligawa mji katika maeneo kwa kufuata aina ya nyumba na vifaa vyake, na mgawanyo huo wa vifaa ulikuwa pia mgawanyo wa watu. Katika maeneo yaliyotawaliwa na Wabelgiji, msemo wa Kifaransa en dur, wenye maana ya kujengwa kwa kitu kigumu, ukawa kipimo cha nyumba ya mjini na ya mtu aliyeendelea. Kiswahili kilipokea dhana hiyo kwa jina la "nyumba ya kudumu", na kinyume chake ni "nyumba ya muda". Neno "kudumu" linaonekana kuzungumzia wakati. Katika matumizi, lilizungumzia hadhi.

Baada ya uhuru na hasa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mahitaji ya makazi yalikuwa makubwa kuliko uwezo wa kukagua ujenzi. Uamuzi wa serikali wa mwaka 1996 wa kuwakusanya watu katika vijiji vya imidugudu ulihitaji nyumba nyingi kwa muda mfupi, na rukarakara pamoja na bati ndivyo vilivyopatikana. Miaka ya 2010 na 2011 kampeni ya kuondoa nyakatsi, yaani nyumba za nyasi, ilikamilisha safari ya paa. Kwa afya na kwa hadhi ya wakaaji, faida zake zilikuwa dhahiri. Lakini kuhama kutoka nyasi hadi bati hakukusema lolote kuhusu kilichopo kati ya bati na msingi.

4.0 Bugarama: Saruji Nyumbani Kwake

Ni jambo la kipekee kwamba wilaya iliyo pembeni kabisa mwa Rwanda ndiyo nyumbani kwa saruji yake. Katika bonde la Bugarama, karibu na chemchemi za maji moto ambazo Kinyarwanda huziita amashyuza, kuna mawe ya chokaa yaliyotokana na masimbi ya maji hayo. Juu ya rasilimali hiyo kilijengwa, kwa msaada wa China, kiwanda cha Cimerwa, kilichoanza kuzalisha mwaka 1984. Kiwanda cha zamani kilifikia uwezo wa takriban tani 100,000 kwa mwaka. Baada ya kampuni ya PPC ya Afrika Kusini kununua asilimia 51 ya hisa, kiwanda kipya chenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka kilizinduliwa mwaka 2015.

Kuwapo kwa kiwanda hakukumaanisha kuwa kila jirani yake alijenga kwa zege. Saruji ni kiungo kimoja tu. Zege linahitaji pia kokoto, mchanga safi, maji kwa kipimo, nondo, na fundi anayejua kuwa zege lisilomwagiliwa siku za mwanzo hupoteza nguvu. Katika nyumba za kawaida saruji ilitumiwa kwanza pale inapoonekana: sakafu na lipu. Ukuta wa rukarakara uliopigwa lipu ya saruji huonekana kama ukuta wa saruji. Kwa mpita njia na kwa karani wa sensa, nyumba imepanda daraja. Kwa tetemeko, ni ukuta uleule wa udongo wenye ganda jembamba juu yake.

5.0 Jumapili ya Tarehe 3 Februari 2008

Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na lilitokea asubuhi, saa tatu na nusu na dakika chache, siku ya Jumapili. Saa chache baadaye mtikisiko mwingine mkubwa ulifuata upande wa Rwanda. Zaidi ya watu thelathini walikufa nchini Rwanda, na wengine upande wa Kongo, mamia walijeruhiwa. Wilaya zilizoathirika zaidi upande wa Rwanda zilikuwa Rusizi na Nyamasheke. Kwa kuwa ilikuwa saa ya ibada, baadhi ya waliokufa walikuwa kanisani. Nyumba, shule na vituo vya afya vilipasuka au kuporomoka. Hospitali ya Bushenge iliyoko Nyamasheke iliharibika kiasi cha kulazimu ijengwe upya.

Kwa kiwango cha matetemeko duniani, ukubwa wa 5.9 ni wa wastani. Nchi zenye ujenzi uliozoea mtikisiko huvuka tetemeko la namna hiyo kwa hasara ndogo. Kilichoua Rusizi ni ukuta. Ukuta mrefu wa matofali, ulio juu, usio na nguzo za zege wala mkanda wa kuuzunguka, hauna cha kuuzuia kuanguka kwa ubapa. Kanisa na darasa, ambavyo vinahitaji kumbi pana zisizo na kuta za ndani, vina kuta za aina hiyo kuliko nyumba ndogo ya kuishi. Hivyo majengo yaliyohesabiwa kuwa ya kudumu kuliko yote kijijini ndiyo yaliyokuwa na hatari kubwa zaidi kwa watu wengi kwa wakati mmoja.

Funzo hilo si la Rusizi pekee. Baada ya tetemeko la Lisbon la mwaka 1755, wajenzi wa Ureno waliweka kiunzi cha mbao chenye mishazari ndani ya kuta za mawe za majumba mapya. Katika Port-au-Prince, tetemeko la Januari 2010 liliporomosha majengo mengi ya zege yaliyojengwa vibaya, huku nyumba nyingi za kale za kiunzi cha mbao zikibaki wima. Mifano hiyo haithibitishi kuwa mbao ni bora kuliko zege. Inathibitisha kuwa zege lisilofungwa vizuri ni hatari kuliko mbao zilizofungwa vizuri.

6.0 Kalibu za Povu na Kiunzi cha Mbao: Mifumo Miwili, Swali Moja

Ukuta wa kalibu za povu ulibuniwa katika nchi za baridi. Mkanada Werner Gregori aliomba hataza ya mfumo wake mwaka 1966. Vipande vya povu la polistireni hupangwa kama matofali matupu ya kuchezea. Nondo hupitishwa ndani yake kwa wima na kwa mlalo. Kisha zege humiminwa. Kalibu haiondolewi: hubaki ukutani pande zote mbili kuzuia baridi isiingie na joto lisitoke. Mshindani wake huko Amerika ya Kaskazini ni nyumba ya kiunzi cha mbao zilizopasuliwa, iliyo nyepesi, ya haraka na ya bei nafuu pale penye misitu mikubwa ya kupandwa. Afrika Mashariki, ndugu wa karibu wa mfumo huo wa povu ni paneli za polistireni zenye wavu wa chuma, zinazopuliziwa zege kwa nje, ambazo Shirika la Nyumba la Taifa la Kenya lilianza kuzitengeneza huko Mavoko, Machakos, mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Hesabu rahisi inaweza kuuweka mfumo huo mbele ya ukuta wa Rusizi. Zege huwa na uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Ukuta wenye zege la sentimita 15 una kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Tofali lililochomwa huwa na takriban kilo 1,800 kwa mita ya ujazo. Ukuta wa sentimita 20 una kilo 360 zilezile. Kuta mbili zina uzito sawa, kwa hiyo tetemeko huzisukuma kwa nguvu inayokaribiana. Mmoja hubaki wima na mwingine huanguka, na tofauti kuu ni nondo iliyomo ndani. Kiunzi cha mbao hufika mahali palepale kwa njia nyingine: ni chepesi, kwa hiyo husukumwa kidogo, na viungo vyake vya misumari huyumba bila kukatika.

Gharama ndiyo inayotenganisha mifumo. Nyumba ya mita 8 kwa 10, yenye kuta za nje za urefu wa mita 3, ina mita za mraba 108 za ukuta. Yakiondolewa milango na madirisha, zege la sentimita 15 litafika takriban mita za ujazo 14. Kwa kilo 320 za saruji katika kila mita ya ujazo, hiyo ni mifuko 90 ya kilo 50, kabla ya msingi. Nyumba hiyohiyo ikijengwa kwa matofali na kuzungushiwa mikanda mitatu ya zege lenye nondo, kwenye msingi, juu ya madirisha na chini ya paa, kila mmoja wa sentimita 20 kwa 20, mikanda hiyo itahitaji takriban mifuko 28, bila kuhesabu saruji ya kuunganishia matofali. Kwa familia ya mkulima wa mpunga wa Bugarama, tofauti hiyo ni kati ya nyumba inayojengeka na ndoto.

Kuna pia suala la povu lenyewe. Kipupwe cha Canada hakipo Kamembe, ambako usiku ni baridi ya kuvaa sweta tu. Bugarama, bonde la chini kuliko yote Rwanda, lina joto, na huko kuzuia joto kuna faida. Lakini paa la bati lisilo na dari ndilo linaloingiza joto jingi, na dari ni nafuu kuliko ukuta mpya. Povu huungua lisipofunikwa vizuri, mchwa huweza kulitoboa, na baada ya nyumba kubomolewa halirudi udongoni. Rwanda imekwisha kulipia somo la namna hiyo: mabati ya asibesto yaliwahi kuwa alama ya jengo la kisasa, na serikali imelazimika kuendesha mpango wa kitaifa wa kuyaondoa.

Kiunzi cha mbao nacho hakistahili kurudishwa kwa hisia za kale. Kinahitaji mbao zilizokaushwa na kutibiwa dhidi ya mchwa, miguu ya nguzo iliyoinuliwa juu ya zege badala ya kuchimbiwa ardhini, na mashamba ya miti yasiyoila Nyungwe. Masharti hayo yanawezekana, lakini hayapo katika soko la Rusizi kwa wingi unaotakiwa. Kati ya ncha hizo mbili ipo njia ambayo eneo hili limeanza kuifuata: tofali bora la kienyeji lililofungwa kwa mikanda. Mpango wa PROECCO, uliofadhiliwa na Uswisi na kutekelezwa na Skat katika nchi za Maziwa Makuu, ulieneza matofali yaliyochomwa kwa kuni chache na kulazwa kwa ubavu ili kupunguza vifaa. Rukarakara nayo, iliyokuwa ikikataliwa mijini, imekubaliwa kwa masharti.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia ya ukuta wa Rusizi inaonesha kuwa kila mara jamii ilipouliza "nyumba hii ni ya nini?", jibu lilikuwa ni orodha ya vifaa: nyasi, udongo, tofali, bati, saruji. Swali "imefungwaje?" liliachiwa wahandisi, na likafika kijijini kwa kuchelewa. Mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, sensa na fomu za vibali zisiishie kwenye kifaa cha ukuta. Ziongeze swali moja: je, ukuta una mkanda unaouzunguka na unaoufunga kwa paa? Jibu lake ni ndiyo au hapana, na karani anaweza kulipata kwa kumuuliza fundi aliyejenga.

Pili, mifumo mipya, ya kalibu za povu au ya mbao, ipimwe kwa maswali yaleyale yanayoulizwa kwa rukarakara: inafungwaje, nani ataijenga kijijini, nani ataikarabati, na mabaki yake yatakwenda wapi. Upya usiwe hoja, wala ukale usiwe dosari.

Tatu, lugha ishughulikiwe. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Mafundi wa Kamembe na Bukavu huvuka daraja moja kwenda kazini na husemezana kwa Kiswahili, ilhali Kanuni za Ujenzi za Rwanda, zilizotolewa mwaka 2015 na kurekebishwa 2019, zimeandikwa kwa lugha ya wahandisi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yanaweza kutoa faharasa fupi ya ujenzi salama, itakayotaja kila sehemu ya nyumba kwa kazi inayofanya, na itakayotumia maneno ambayo fundi anayo tayari: mkanda, nguzo, nondo, kufunga. Neno "nyumba ya kudumu" liachwe katika nyaraka za sera hadi litakapopewa maana inayoweza kupimwa. Hadi wakati huo, "nyumba iliyofungwa" linasema jambo la kweli zaidi, na mwenye nyumba wa Mibirizi au Bugarama atalielewa bila kufasiriwa.